Kioo cha Mlango wa Nyuma

Kambini, Kasulu
3 Februari 1998

Mzee Telesphory,

Shikamoo. Pole na kazi.

Hunijui, na mimi nakujua kwa sifa tu. Naitwa Lukas Niyibizi, mkimbizi kutoka Rumonge, Burundi. Kwetu nilikuwa dereva wa mkurugenzi wa shule. Mkurugenzi amefariki, na mjane wake, mama Spesiosa, aliniachia gari lake kabla hajasafirishwa kwenda nchi za mbali. Tulivuka nalo mpaka wa Manyovu, nikaliacha parokiani Mwandiga, na katekista Dismasi ndiye atakayekuletea pamoja na barua hii. Ni Peugeot 404 ya mwaka 1966. Injini haina neno.

Kioo cha mlango wa nyuma, upande wa kulia, hakipo. Watoto walirusha mawe tukiwa njiani. Naomba unitilie kingine. Kikishakaa, Dismasi atalileta mpaka njia panda ya huku kambini, nami nitalichukua kwenda Tabora kwa dada yangu, nikaanze maisha mbali na ziwa. Bila kioo siwezi. Mvua ni nyingi, na gari lenye pengo watu hulikumbuka.

Nakuomba usiliegeshe barabarani, na usichelewe. Majibu mpe mama Rozalia, mchuuzi wa dagaa wa Kibirizi. Yeye huja kwenye soko la hapa kila wiki.

Amahoro,
Lukas Niyibizi


Gungu, Kigoma
11 Februari 1998

Kijana wangu Lukas,

Marahaba. Gari limefika. Nimelizunguka mpaka mke wangu akaniuliza kama nataka kulioa. Magari ya siku hizi ni mabati yenye redio, lakini hili limetengenezwa na watu waliokuwa na muda. Ila niambie, ni nani aliyelipaka kijani kwa brashi kama mlango wa choo? Chini yake naona nyeupe safi kabisa. Huyo mtu akipatikana achapwe.

Sasa sikiliza. Kioo cha 404 hakipo Kigoma nzima, na ukiagiza Dar es Salaam kitafika na treni kikiwa unga. Kioo cha ubavuni nacho hakikatwi. Ukikigusa na almasi ya kukatia kinamwagika punje punje kama chumvi ya mawe. Kwa hiyo nitafanya kama nilivyofundishwa na Mgiriki mmoja aliyekuwa na karakana Ujiji zamani. Nina kioo cha mbele cha lori lililopinduka, kile cha matabaka mawili. Nitatoa kioo cha mlango wa kushoto, nikichore kwenye boksi, niligeuze boksi, nikate, kisha nisugue kingo kwa jiwe na maji mpaka zisikate kidole cha mtoto. Ni kazi ya taratibu, na haraka haraka haina baraka.

Habari ya kutoegesha barabarani sijaielewa. Gari zuri ni la kuonwa. Nimeliweka mbele ya karakana na limeshaniletea wateja wawili waliokuwa wamenisahau.

Mke wangu Agnesi anakusalimu. Anauliza kama hapo kambini mnapewa mboga.

Ni mimi,
Fundi Telesphory


Kambini, Kasulu
16 Februari 1998

Mzee wangu,

Shikamoo. Nimeshukuru sana kwa barua yako, na mwambie mama kwamba mboga tunalima wenyewe, kidogo kidogo.

Rangi ya kijani ni kazi ya rafiki yangu, alitaka kuzuia kutu. Naomba usiikwangue.

Nakusihi tena, mzee. Liingize gari uani na ulifunike turubai. Kama wateja wanakuja kwa kuliangalia, waonyeshe mengine. Mimi ni mtu wa hofu hofu, na tangu tukimbie silali vizuri. Nikijua limefunikwa nitalala.

Kata kioo upesi kadiri unavyoweza. Hata kisipopanda na kushuka, kikae tu.

Amahoro,
Lukas


Gungu
25 Februari 1998

Kijana wangu Lukas,

Marahaba. Nimelifunika, mradi ulale. Lakini kioo kisichopanda wala kushuka hakitatoka kwenye mikono yangu, hilo ulifute.

Nilipofungua kava la ndani la mlango ili nizoe punje za kioo cha zamani, nilikuta kitu kimekwama kwenye mashine ya kupandishia. Nimekiweka mezani mbele yangu ninapoandika. Ni risasi ya bunduki. Watoto wa kwenu wana mikono mizito sana. Sikulaumu, maana aliyekimbia vita hana deni la kumweleza fundi kila kitu. Ila sipendi kudanganywa juu ya kitu nilichokifungua kwa bisibisi yangu mwenyewe.

Halafu kuna hili. Vioo vingine vyote vimekwanguliwa kwa msasa pale pembeni inapoandikwa namba ya gari. Nikikielekeza kioo juani bado naisoma namba yote. Hapa kwetu mtu anayefuta namba kwenye vioo ni mwizi. Nijibu hili kabla sijaendelea, maana nimekaa na jina langu Kigoma tangu ujana na sitaki lichafuke uzeeni.

La mwisho ni dogo. Walikuja wageni wawili, wanaongea Kirundi na Kiswahili cha ng'ambo ya ziwa, wapole mno. Wamepita kwa mafundi wote wa Gungu na Ujiji wakiuliza nani anatengeneza kioo cha 404, eti nao wanayo moja na wanatafuta spea. Nikawaambia hawatakipata dukani, mimi mwenyewe nakikata kwa mkono. Wakafurahi. Wakauliza ni cha mlango upi, nikawaambia. Rozalia anasema anawaona mwaloni Kibirizi, pale mitumbwi inaposhusha samaki, karibu kila siku, wanajiita wanunuzi wa dagaa, lakini hawajanunua hata kisado kimoja.

Fundi Telesphory


Kambini, Kasulu
1 Machi 1998

Mzee wangu,

Shikamoo, na unisamehe. Risasi ni kweli. Nilificha kwa sababu niliogopa utalikataa gari.

Kuhusu namba, gari si la wizi. Hao wageni wawili ni ndugu wa marehemu mkurugenzi. Wanasema gari ni mali ya ukoo, na kwamba mjane hakuwa na haki ya kunipa mimi, dereva, mtu wa nje. Ndiyo sababu tulibadili rangi na kufuta namba. Ni ugomvi wa urithi, hakuna zaidi.

Nakuomba sana usiwaambie nilipo. Wakirudi, waambie gari limeshachukuliwa na hujui limekwenda wapi. Kioo kikikaa tu, mpe Dismasi taarifa siku hiyo hiyo.

Mzee, sijawahi kumwomba mtu kitu kama ninavyokuomba hiki.

Lukas


Gungu
9 Machi 1998

Kijana wangu Lukas,

Marahaba. Sasa umesema neno la mtu mzima. Ugomvi wa urithi! Ungeniambia tangu mwanzo ungeokoa karatasi nyingi.

Najua wahenga walisema ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wakipatana chukua kapu ukavune. Lakini mimi gari liko uani kwangu, nimeshaingia. Na sisi Waha wa zamani tulilelewa kuamini kwamba mali ya marehemu ikifichwa humletea mkosi aliyeificha, hata kama ni yake kwa haki. Sharti iwekwe mbele ya watu, mzee akae katikati, kila mtu aseme lake. Baba yangu alikaa katikati ya watu waliokuwa wameshikiana mapanga, na jioni wakanywa pombe ya ndizi kwenye chungu kimoja.

Kwa hiyo nimefanya hivi. Kioo kimekaa. Kinapanda na kushuka bila kelele, na mpira nimeutoa kwenye gari bovu la misheni. Kisha nikachora namba upya kwenye vioo vyote, ile ile niliyoisoma juani, na hilo ni zawadi yangu kwako. Kazi yangu haitoki bila namba. Tena gari linalofichwa namba humfanya mwenyewe aonekane mwizi hata kama si mwizi, nami sitaki uonekane hivyo mbele ya ndugu wa marehemu.

Halafu nikawaita wale ndugu. Walikuja. Mmoja aliipitishia kidole namba kwenye kioo kipya, tarakimu moja moja, kisha akanishika mkono kwa mikono yake miwili. Nadhani alimkumbuka marehemu. Nikawaambia dereva yuko kambini Kasulu, ni kijana mwema, anaogopa tu. Jumamosi hii nitaliendesha mwenyewe mpaka njia panda, nao ndani, tukae wote tuyamalize. Wamekubali upesi kuliko nilivyotazamia.

Njoo na shati safi. Watu wakikuona umevaa vizuri hukusikiliza.

Ni mimi mzee wako,
Telesphory


Kambini, Kasulu
12 Machi 1998

Mzee wangu,

Usiende. Usiingie ndani ya gari pamoja na watu hao.

Hakuna urithi. Si ndugu wa mtu yeyote. Walitusimamisha barabarani nje ya Rumonge. Mmoja wao akaja upande wa nyuma kulia, akampiga mkurugenzi risasi kupitia kioo cha mlango ulioutengeneza, na nyingine ikakwama ndani ya mlango. Walikuwa wamemtaka awatoe baadhi ya wanafunzi wake naye akakataa. Mimi nilikuwa kwenye usukani. Niliona uso wa aliyepiga, na jina lake nalijua. Nikakanyaga mafuta, mama Spesiosa akiwa amelala chini ya kiti na damu ya mumewe ikimdondokea.

Mimi sura yangu hawaijui, kofia ilinifunika. Wanalijua gari na namba yake. Mama yuko mbali sasa, na mimi ndiye niliyebaki wa kusema nilichokiona.

Nilidhani nikikueleza utaogopa, utakataa kazi, na sitapata fundi mwingine. Kila nilipodanganya nilijiambia huu ni wa mwisho. Nenda polisi, mzee, barua hii wapelekee. Nampa Rozalia sasa hivi, lori lake linaondoka.

Lukas


Gungu
18 Machi 1998

Lukas,

Mimi ni Agnesi, mke wa Telesphory. Mtaani naitwa Mama Dainess. Salamu nitazileta siku nyingine.

Barua yako ilifika Jumamosi jioni. Lori la akina Rozalia lilikwama kwenye tope. Mume wangu alikuwa ameondoka asubuhi akipiga mluzi, amevaa kofia ya Pasaka, na wale wawili wamekaa kiti cha nyuma. Nilitaka kukimbilia polisi usiku huo huo. Rozalia akanizuia, akaniambia tungoje tusikie kwanza wapi walipo.

Juzi alikuja mlangoni bila kapu lake. Wale wawili wamempa maneno mwaloni. Wanasema walingoja njia panda na dereva hakutokea. Sasa fundi ni mgeni wao, anakula, hajaguswa. Yuko kwenye kibanda cha wavuvi kaskazini ya mwalo, pale njia inapoishia majini. Dereva aje mwenyewe, kwa miguu, peke yake, naye ataachiwa. Watangoja mpaka Jumamosi. Wakimwona askari watasukuma mtumbwi, na mume wangu atakuwa ndani yake.

Telesphory hajui kuogelea. Amezaliwa kilimani, na miaka yote tuliyokaa hapa anaogea kwenye beseni, watoto wanamcheka.

Sikuambii la kufanya. Wewe ni mtoto wa mtu kama Dainess wangu. Lakini barua zako zote ninazo hapa, nimezisoma. Yeye alikuandikia kwa upendo, na wewe ulimlipa uongo juu ya uongo. Nina hasira nawe sana, na sina mtu mwingine wa kumwomba.

Agnesi


Kambini, Kasulu
19 Machi 1998

Mama Dainess,

Shikamoo, mama. Hasira yako ni haki yangu.

Nikuambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Jumamosi nilikuwepo njia panda. Sikuwa na uhakika kama barua imefika, nikaenda nikajificha kwenye migomba. Nililiona gari likija. Akashuka mzee mwenye kofia, akafuta kile kioo kwa mkono wa shati lake, akaanza kutazama huku na huku akinitafuta. Alisubiri mpaka jua likageuka. Kila aliyepita alimsimamisha akamuuliza kama ndiye Lukas. Mimi nilikuwa karibu kiasi cha kusikia sauti yake, na nikakaa kimya. Nilijiambia wakiona sipo watamwacha aende zake. Sijawahi kuona aibu kama ile, na bado sikutoka.

Kesho asubuhi natoka. Sina kibali, nitapita mashambani mpaka barabarani, kisha nitapata lori la mihogo. Naogopa, mama. Nakuambia ili usidhani ni ushujaa. Nikikaa hapa nitakuwa hai, na kila siku nitamwona akifuta kile kioo.

Mzee asijue. Akijua atawafuata, au ataisimulia Gungu nzima, nao watarudi. Choma barua hii na ile ya tarehe kumi na mbili. Mwambie nimehamishwa kambi. Akisharudi nyumbani salama, nenda peke yako kwa padri wa Mwandiga. Yeye anayo yote niliyoyaona, na jina.

Gari ni lenu.

Lukas Niyibizi


Gungu
29 Machi 1998

Kijana wangu Lukas,

Marahaba, ingawa safari hii hukunisalimia.

Niko nyumbani tangu Jumamosi ya wiki iliyopita. Sikupigwa. Kibandani walinilisha ugali na samaki wa migebuka, na usiku walinipa blanketi. Kila siku niliwaambia gari si lile pale nje, mnagombania nini tena, lichukueni basi. Hata kuligusa hawakuligusa. Hapo ndipo nilipoanza kufikiri kwamba hawakuwa watu wa urithi.

Jumamosi hiyo mchana wanawake walikuwa wakigeuza dagaa mchangani. Akaja kijana mmoja kwa miguu, mwembamba, shati safi, ameshika viatu mkononi. Akanipa shikamoo, nikamwitikia kama ninavyomwitikia mtu yeyote. Akasema, "Mzee, nenda nyumbani. Mama Dainess anakungoja." Akaketi kwenye ukingo wa mtumbwi, akavaa viatu, akafunga kamba bila haraka, kisha wakaondoka wote watatu. Hakuna aliyemsukuma wala kumshika. Walikwenda moja kwa moja mpaka kwenye maji ya kina, wakakaa huko kitambo. Mtumbwi ulipogeuka kuelekea kaskazini niliona vichwa viwili. Macho yangu si mazuri, hata miwani sikuwa nayo.

Sasa Agnesi ananiambia umehamishwa kambi. Nikimuuliza kambi gani anaingia jikoni. Juzi alikwenda Mwandiga kwa padri bila kuniaga, na tangu arudi anapepeta mchele huku analia, na hataki nikuandikie. Ananikataza hata kumpa Rozalia barua hii. Nitampa tu.

Nimejiuliza usiku na mchana yule kijana alijuaje jina la mke wangu. Labda ni mtu wa hapa hapa mjini, mimi ninafahamika. Labda niliwahi kumtengenezea baba yake gari.

Lukas, mimi uso wako sijawahi kuuona. Ninachokijua ni mwandiko wako, ule wa kulala upande kama mtu anayekimbia. Niandikie hata mstari mmoja kwa mkono huo huo. Niambie Jumamosi ile ulikuwa kambini, unapalilia mboga, una malaria, lolote lile. Umeshanidanganya mengi, na hili nalo nitalipokea bila kuuliza. Sema tu kwamba alikuwa mtu mwingine.

Nangoja.

Telesphory